Je, Uwazi Watosha Kuwa Idhini?

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja aliyeko Kisii, na kwa kuwa jambo aliloliuliza lawahusu watu wa Mombasa, Malindi na Lamu kama linavyowahusu watu wa Kisii na Nyamira, tumeona bora tumjibu hadharani kuliko kumwandikia yeye peke yake.

Ndugu huyu kazi yake ni kununua kompyuta zilizokwisha tumika, akazitengeneza, akaziuza kwa bei nafuu kwa wenye maduka na kwa shule, kuanzia Kisii mjini mpaka Keroka na Nyamira. Kila kompyuta huitia mfumo endeshi, yaani ile programu kuu ambayo bila yake kompyuta ni sanduku tupu. Mifumo ya kununua haitii, kwani bei yake yawashinda wateja wake, na kuiiba haijuzu. Hutia programu huria, ambayo hutolewa bure, na maandishi yake ya asili yamewekwa wazi ili atakaye ayasome, ayachunguze, ayabadilishe na ampe mwenziwe. Sasa mteja mmoja amemwambia ya kuwa baadhi ya mifumo hii hupeleka khabari za mwenye kompyuta kwa wale walioitengeneza. Naye akamjibu kwamba ndani yake hapana siri. Kila inachokifanya programu hiyo kimeandikwa, na kila mtu duniani aweza kukisoma. Mwizi huficha, na hawa hawakuficha kitu. Baada ya kujibu hivyo moyo wake haukutulia, akatuandikia atuulize: jawabu lile lilikuwa sawa? Na je, yu katika dhambi kwa zile kompyuta alizokwisha kuziuza?

Twasema, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: katika jawabu lile mna nusu ya haki, na nusu hiyo twapenda tuieleze kwanza, kwani si uadilifu kuwalaumu watu kabla ya kuwapa haki yao.

Mwaka 1983 alitokea Mmarekani, Richard Stallman, akatangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao mwenye kuutumia atakuwa na haki ya kujua wafanya nini na haki ya kuubadilisha. Mwaka 1991 kijana aliyekuwa akisoma katika chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini cha mfumo kiitwacho Linux, akakitoa kwa watu. Vikaunganishwa hivi na vile, na juu ya kazi hiyo ikajengwa mifumo mingi. Fikira yao ni njema. Programu iliyofungwa ni kama hirizi iliyoshonwa katika ngozi: aivaaye hajui kilichoandikwa ndani, na akiuliza huambiwa akiifungua itaharibika. Sisi ambao miaka yote tumekuwa tukiwaambia watu wetu waipasue hirizi watazame ndani mna nini, hatuwezi kuwalaumu wasemao kwamba na programu ipasuliwe itazamwe. Na mara nyingi mabaya ya programu hizi yamejulikana upesi kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi, wajuzi wakayasoma wakawaonya wengine. Hiyo ndiyo nusu ya haki.

Ama nusu ya pili, tunamuuliza ndugu yetu: ni nani aliyefunua, na ni nani aliyefunuliwa? Mtengenezaji amefunua kitabu chake. Lakini kinachochukuliwa hakitoki katika nyumba ya mtengenezaji; chatoka katika nyumba ya mwalimu wa Nyamira, au ya mwenye duka wa Keroka, ambaye hakufunua kitu wala hakuulizwa. Mtu akiingia nyumbani mwako mchana kweupe, uso wake wazi, na jina lake na kabila lake ameliandika kifuani, huyo hatumwiti mwizi. Lakini je, amepiga hodi? Na je, ameambiwa karibu? Uwazi wa mwenye kuingia ni kitu kimoja, na idhini ya mwenye nyumba ni kitu kingine, na hiki hakisimami mahali pa kile.

Tena uwazi wenyewe una mas'ala. Maandishi ya mfumo endeshi mmoja yaweza kufikia mistari milioni nyingi, na yameandikwa kwa lugha ambayo katika watu elfu huenda asipatikane mmoja wa kuisoma. Watu wa Kisii na Nyamira waliwahi kuonjeshwa uwazi wa namna hii kabla kompyuta hazijazaliwa. Serikali ya Kiingereza ilitunga mwaka 1915 sharia ya kuwaandikisha Waafrika, na baada ya Vita Vikuu vya kwanza, mwaka 1919 na 1920, ikaanza kuitumia. Mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuchukua kipande, nayo ni karatasi iliyotiwa katika kijisanduku cha chuma na kuning'inizwa shingoni, ndani yake mna jina lake, alama za vidole vyake, tajiri wake na mshahara wake. Mtu wa Gusii aliyeondoka kwao kwenda kuchuma chai Kericho alikwenda nacho, na akionekana hanacho alishikwa. Sharia ile haikuondolewa mpaka mwaka 1947. Basi tazama: kipande hakikufichwa. Kilikuwa shingoni mwa mwenyewe usiku na mchana. Lakini wengi katika waliokibeba hawakujua kusoma. Tajiri aliandika, polisi akasoma, na aliyekichukua akawa wa mwisho kujua yaliyosemwa juu yake. Je, mtu angemwambia mzee yule, "Huna la kulalamika, kwani yote yameandikwa wazi," tungeliona neno hilo kuwa ni la haki?

Sasa turejee katika sharia yetu. Katika Sura ya An-Nuur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Wasipomkuta mtu wasiingie mpaka waruhusiwe. Na wakiambiwa warudi, warudi, na huko kurudi ndiko kulikotakasika zaidi. Tuzingatie mambo yaliyomo. La kwanza, ruhusa ni kabla ya kuingia, si baada yake. La pili, nyumba isiyokuwa na mtu wa kujibu haihesabiwi kuwa imejibu ndiyo. La tatu, mwenye nyumba ana haki ya kusema rudi, wala hakulazimishwa kutoa sababu, wala mgeni hakupewa haki ya kumtia adabu kwa kukataa kwake.

Na imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa mtu mmoja alichungulia kwa tundu ya mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana kichanuo cha chuma mkononi ajikunia kichwa. Mtume akamwambia ya kuwa lau angelijua kwamba yuamtazama, angelimdunga nacho jichoni, na akamfahamisha ya kuwa idhini haikuwekwa ila kwa sababu ya jicho. Wako watu wadhanio kwamba faragha ni fikira ya Wazungu iliyoletwa na magazeti. Hii hapa hadithi. Mchunguliaji hakuiba kitu, wala hakuvunja mlango. Tundu ilikuwako naye aliikuta. Aliyoyachukua ni ya macho tu, na kwa hayo akastahili maneno makali namna ile.

Basi tutoe mfano wa jambo lililotokea kweli, tena kwa watu wa programu huria wenyewe. Mwaka 2004 tajiri mmoja wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alitoa mfumo uliojengwa juu ya Linux akauita Ubuntu, neno la lugha za kusini mwa Afrika ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Mfumo huu ukaenea duniani, nao ni miongoni mwa anayoitia ndugu yetu katika kompyuta zake. Katika Oktoba mwaka 2012 lilitoka toleo lake lenye jambo jipya: mtu akiandika neno katika mahali pa kutafutia, hata ikiwa atafuta barua yake mwenyewe iliyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, neno lile lilisafirishwa mpaka kwa kampuni ya Canonical, yenye mfumo huo, nayo ikaleta bidhaa za kununua kutoka duka la Amazon, na mtu akinunua, kampuni ikapata ujira. Maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi. Palikuwa na tangazo la kuelezea, na palikuwa na mahali pa kulizima jambo lile kwa mwenye kupajua. Lakini mtu hakuulizwa kwanza. Watu wakapiga kelele, na Stallman mwenyewe, baba wa fikira hii ya programu huria, akasema katika Desemba mwaka huo ya kuwa huo ni upelelezi, akawataka watu wasiupendekeze mfumo ule mpaka uache. Haukuacha upesi. Ni mwaka 2016 ndipo toleo jipya lilipotoka jambo hilo likiwa limezimwa tangu mwanzo, na atakaye aliwashe mwenyewe.

Jawabu la mkuu wa kampuni ile wakati wa kelele hizo lastahili kuangaliwa, kwa sababu lafanana na jawabu la ndugu yetu wa Kisii, bali lalizidi. Alisema kwa maana yake ya kuwa watu wamekwisha kuwaamini, kwani wao ndio wenye uwezo wote juu ya kompyuta zile. Kila wanapoleta matengenezo mapya, mtu huyapokea bila ya kuwashuku. Basi wawaogopeje katika hili dogo?

Twasema: hoja hii inamgeukia mwenye kuisema. Ukimpa jirani ufunguo wa nyumba yako ili akutilie maji mimea ukiwa safarini, amekuwa na uwezo wa kuingia kila chumba. Akiyafungua makabati akasoma barua zako, kisha akakujibu, "Ulinipa ufunguo, basi uliniamini," utamwambia ya kuwa kwa sababu hiyo hiyo khiana yake ni kubwa kuliko ya mpita njia. Uaminifu ni mzigo juu ya aliyeaminiwa, si hazina ya yeye kuitumia. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza jambo hili katika mlango wa ariya, yaani kitu cha kuazima: mtu akiazima mnyama wa kumpanda mpaka mahali fulani, kisha akapita mahali hapo, tangu hapo amekuwa mwenye kudhulumu, na likitokea lolote juu yake ni dhamana yake. Mwenye mnyama hakumwambia, "Usipite." Alimwambia alipokwenda, basi. Idhini haivuki mpaka wake.

Wala mtu asiseme kwamba kupiga hodi ni jambo lisilowezekana katika kazi hii. Mfumo wa Debian ulianza mwaka 1993, nao ndio msingi ambao Ubuntu ulijengwa juu yake. Wenyewe nao walitaka kujua ni programu zipi zitumikazo sana na watu, ili wajue wahangaikie ipi kwanza, na haja hiyo ni ya kweli, hatuidharau. Walifanyaje? Wakati mtu auweka mfumo katika kompyuta yake, aulizwa: wapenda kushiriki katika hesabu hii? Na jibu lililowekwa tayari ni "la". Asiyejua, asiyejali, na aliyebonyeza kwa haraka, wote hawahesabiwi kuwa wamekubali. Hii ndiyo hodi. Watu wa Ubuntu nao walipotaka, mwaka 2018, kukusanya khabari za namna ya kompyuta zitumikazo, walijifunza adabu kidogo: waliuliza, na wakamwonyesha mtu ile ripoti yenyewe kabla haijaondoka, lakini jibu lililowekwa tayari lilikuwa "ndiyo". Hiyo ni hodi ya mtu ambaye mguu wake mmoja umekwisha kupita kizingitini. Ni bora kuliko ya 2012, wala hatukatai, na hali ya Debian ni bora zaidi.

Huenda mtu akaleta hoja ya kunyamaza, akasema: aliyeona tangazo asiseme kitu amekubali. Kanuni iliyopokewa kwa Imam Shafi ni kwamba aliyenyamaza hanasibishwi na kauli. Na ikiwa utataja kunyamaza kwa bikira katika ndoa, tutakwambia: huyo aliulizwa kwanza, akalifahamu aliloulizwa, na haya ndiyo iliyomzuia kutamka. Huyu wetu hakuulizwa, wala hangelifahamu kama angeliulizwa kwa kurasa thelathini za Kiingereza cha mawakili.

Tumesema ya kompyuta, lakini jambo kubwa zaidi liko mifukoni mwetu. Mwaka 2008 kampuni ya Google iliutoa mfumo wa simu uitwao Android, uliojengwa juu ya Linux, na maandishi yake ya asili yakawekwa wazi. Na simu nyingi zinazouzwa kwetu, pwani na bara, ni za mfumo huu. Lakini juu ya msingi ule ulio wazi hutiwa programu za Google na za waunda simu ambazo hazikufunuliwa. Mwaka 2021 wataalamu wa vyuo vikuu vya Dublin na Edinburgh walizipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, pamoja na mifumo miwili, LineageOS na /e/OS, na yote hii asili yake ni moja, ni Android ile ile. Waliziacha zimelala pasipo mtu wa kuzigusa, na kila kilichoweza kukataliwa wamekikataa. Zote ziliendelea kupeleka khabari kwa wingi, kwa wenye mifumo na kwa wengineo, isipokuwa /e/OS, ambayo ilipeleka kidogo mno. Hapo ndugu yetu ataona wazi ya kuwa msingi ulikuwa mmoja, na uwazi wa msingi haukuwazuia watu kujenga juu yake walichotaka. Kilichowatenga hawa na wale ni nia ya aliyejenga.

Na programu ziletwazo juu ya mfumo ni mlango mwingine. Katika Novemba mwaka 2020 iliripotiwa kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla ambayo ilikuwa imechukuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka khabari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba kampuni hiyo ikiuza khabari za namna hiyo kwa makandarasi, na kwa njia yao zikafika kwa jeshi la Marekani. Wenye programu walisema kwamba hawakuliuzia jeshi lile kitu, na wakakata uhusiano wao na kampuni ile. Na mwaka 2024 serikali ya Marekani ikaipiga marufuku X-Mode kuuza khabari za watu kwenda mahali pa siri zao, kama mahospitali na nyumba za ibada. Mtu alitoa ruhusa ya kujulikana alipo ili aelekezwe kibla. Mnyama aliazimwa kwenda msikitini, akapelekwa sokoni kuuzwa.

Tunajua yatakayosemwa hapa, kwani tumeyasikia hata katika darasa zetu: "Mimi sina la kuficha. Mwenye kuogopa ni mwenye maovu." Neno hili lina sura ya uchamungu, na ndani yake mna ujinga mwingi. Imesimuliwa ya kuwa Sayyidna Omar (r.a.) usiku mmoja alisikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, mtu yule akamwambia: ikiwa mimi nimemuasi Mungu kwa moja, wewe umemuasi kwa tatu, umepeleleza, naye amekataza kupeleleza, umeingia kwa ukuta, naye ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milango yake, na umeingia bila idhini wala salamu. Omar akamwacha. Sasa mtu yule alikuwa na la kuficha, na la kuficha kweli kweli! Na aliyeingia alikuwa kiongozi muadilifu, nia yake njema. Hata hivyo haki ya faragha ilisimama. Ikiwa mwenye kosa ana haki hiyo mbele ya Omar, mwalimu wa Nyamira asiye na kosa ataikosaje mbele ya wafanyabiashara?

Tena mwenye kusema hana la kuficha adhani kwamba wamtazamao wataona yaliyo kweli. Hawaoni kweli, wanaona alama, na juu ya alama hujenga dhana. Katika Sura ya Al-Hujuraat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu alitukataza dhana kwanza, kisha kupeleleza, kisha kusengenyana, na mpangilio huo si wa bure: dhana huomba chakula, na upelelezi ndio uilishao. Watu wa Kisii hawana haja ya kufundishwa na sisi dhana hufika wapi. Katika Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na watu waliowashuku uchawi. Walikuwa na nini cha kuficha? Hawakuwa na kitu. Vipande vidogo vya khabari za mtu, vikikusanywa na asiyemjua wala asiyemtakia kheri, vyaweza kufanywa chochote. Na ndugu zetu Waislamu wa Kisii na Nyamira ni wachache katika wingi wa wengine. Wao khasa wajue ya kuwa mtu aliye mmoja katika wachache hutambulikana kwa alama ndogo kuliko aliye mmoja katika wengi.

Na liko jambo ambalo twalichelea zaidi kuliko makampuni ya ng'ambo, nalo latuhusu sisi wenyewe. Tuyaache hapa mas'ala ya riba, ambayo hukumu yake yajulikana, tutazame upande mwingine wa programu za mikopo zilizoenea Kenya. Nyingi katika hizo zilimtaka mkopaji afungue orodha ya majina na nambari zilizomo katika simu yake, naye akafungua kwa shida ya shilingi elfu mbili. Alipochelewa kulipa, wakapigiwa simu mjomba wake, imamu wake na mwajiri wake, wakaelezwa deni lake. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa namna hii, na Google yenyewe, kuanzia tarehe 31 Mei mwaka huo, ikazikataza programu za mikopo kuyasoma majina na picha za simu. Hayo yamefanywa na wakuu. Lakini yule aliyeifungua orodha, je, alitoa kilicho chake? Nambari ya mjomba ni ya mjomba. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwa Jabir, mtu akikusimulia jambo huku ageuka kutazama nyuma, neno lile ni amana kwako, hata kama hakukwambia, "Usiseme." Na mtu aliyekupa nambari yake ili umjulishe maziko na arusi, naye amekupa amana. Hili watu wetu hawalioni kuwa ni dhambi hata kidogo, na ndilo lililo karibu nao zaidi.

Tukirudi kwa ndugu yetu na biashara yake, hukumu yake twaipata katika hadithi iliyopokewa na Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata umajimaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akajibu kwamba ni mvua iliyoipata. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione. Na akasema ya kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Lundo lile lilikuwa wazi. Lilikuwa sokoni, halina kifuniko wala kufuli, na kila mnunuzi angeweza kutia mkono kama alivyotia Mtume. Lakini hilo halikuwa udhuru wa muuzaji. Iliyorowa alitakiwa aiweke juu. Maandishi ya programu huria ni lundo lililo wazi, na atakaye aweza kutia mkono. Na muuzaji ajuaye kwamba ndani mna umajimaji ana wajibu wa kuupandisha juu, mnunuzi auone kabla ya kutoa pesa.

Kwa hivyo twamjibu hivi. Programu huria na aendelee kuitumia, bali twamsifu kwa kukataa kuiba mifumo ya watu. Kati ya mifumo, achague ule ubishao hodi. Katika kila kompyuta, kabla haijatoka dukani, afungue sehemu ya faragha katika mipangilio, azime kila kinachopeleka khabari, kisha amwachie mwenye kompyuta hiari ya kuwasha. Na aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kikisii kwa asiyejua Kiswahili vizuri, uelezao ni khabari gani zaweza kutoka, zaenda wapi, na huzimwa vipi. Ama lile jawabu alilompa mteja wake, amwendee amwambie kwamba halikuwa kamili.

Kwa zile alizokwisha kuziuza, yale aliyoyafanya kwa kutojua twataraji Mwenyezi Mungu amsamehe. Lakini tangu siku alipojua, amelazimika. Na aende katika shule zile moja moja, awaonyeshe walimu wakuu. Nauli ni juu yake, itoke katika faida yake, si kwa shule. Atuambie pia ya kuwa wengi katika watoto wa shule hizo ni Wakristo, na aliuliza katika barua yake kama hilo labadilisha kitu. Halibadilishi. Usiku wa Hijra Mtume (s.a.w.) alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka ili azirudishe amana za watu, na watu hao ni wale wale Makureshi waliokuwa wakimtafuta wamuue. Na sharia ya nchi nayo ni ya kuangaliwa: ile ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data yataka idhini ya mzazi kwa khabari za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazee wao. Walimu wakuu wakilisikia hilo, huenda wakamsikiliza upesi zaidi kuliko wakisomewa fikihi.

Amebakisha suali moja, nalo ni juu ya kuyaweka katika kompyuta ya msikiti majina ya mafukara wapewao zaka, na ni nani ajuzu kuyasoma. Hilo lina upande wa amana na upande wa hukumu za zaka yenyewe, na tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.